Sehemu ya Pili ya Hofu

Mtazamaji wa pwani hatishwi na kitu kidogo. Kuanzia Bagamoyo hadi Saadani na Pangani, na ng'ambo ya bahari katika visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba, habari za pepo, kafara na ngoma za kupunga ni mambo ambayo mtu huyasikia kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo filamu ya kutisha inapowekwa mbele yake, haitazami kama mgeni. Hukaa kama hakimu. Akiona jini anakimbia kitu ambacho majini hawajapata kukikimbia, hucheka, na kicheko kikishaingia ukumbini hofu haina tena mahali pa kukaa.

Ni kwa sababu hiyo tunapenda leo kuzungumzia jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa la mchezo, nalo ni ile desturi ya "sehemu ya pili". Je, filamu ya kutisha ikirudi mara ya pili, humshika mtazamaji kama ilivyomshika mara ya kwanza?

Aina hii ya filamu si kongwe katika Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa Nsyuka, na mwaka 2005 akatoa Shumileta. Mwaka 2009 ikatoka Popobawa. Kamera zilikuwa ndogo, fedha haba, na damu, tuseme kweli, ilikuwa nyekundu kupita damu. Hata hivyo wananchi walizipokea filamu za namna hii, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mzimu wa kwenye kioo ulisema lugha yao na kuingia katika nyumba iliyofanana na zao.

Lakini pamoja na filamu hizo ilikuja namna ya kuziuza. Kisa kinapofika pale mlango unapofunguka polepole na mwenye nyumba anageuza shingo, picha inakatika, na maandishi yanamwambia mtazamaji atafute sehemu ya pili. Hapo hapana sehemu ya pili yoyote. Hapo pana filamu moja iliyopasuliwa kwa shoka ili iuzwe mara mbili. Na afikiriwe mtu wa Kilindoni, ambaye kila kitu humfikia kwa chombo: amenunua nusu ya hofu, na nusu nyingine iko Kariakoo. Akiipata baada ya muda mrefu, mlango ule ameshausahau. Hofu ni kama uji wa moto, haiwezi kuwekwa kabatini.

Desturi hii tumeipokea zaidi kutoka Nigeria, na yafaa tuutazame mzizi wake, kwani huko ilianza kwa heshima. Mwaka 1992 Kenneth Nnebue alitoa Living in Bondage, kisa cha Andy, kijana mwenye tamaa ya mali, anayejiunga na chama cha siri na kumtoa kafara mkewe, Merit. Utajiri unakuja, na mzimu wa Merit unakuja nao. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1993. Ilikuwa na haki ya kutoka, kwa sababu swali lilikuwa limebadilika. Katika ya kwanza tuliuliza kama Andy atathubutu. Katika ya pili tukauliza kama mtu aliyekwisha kuthubutu anaweza kuokoka. Baadaye, mwaka 2019, Ramsey Nouah aliirudia hadithi hiyo kwa kumfuata mtoto wa Andy. Huyu ndiye Nouah aliyecheza na marehemu Steven Kanumba katika Devil Kingdom ya mwaka 2011, kwa hiyo si mgeni kwetu.

Wapenzi wa filamu za Kihindi, ambao pwani hii haijapata kuwapungukiwa, wana mfano wa upande wa pili. Nagina ya mwaka 1986 ilimwonyesha Sridevi akiwa nyoka aliyejigeuza mwanamke, mke mpole wa nyumbani, huku mganga wa nyoka, Amrish Puri, akija na zumari lake kumfichua. Nguvu yote ya filamu ile ilikuwa siri: mume hajui, sisi tunajua nusu, na kila zumari linapolia tunamwangalia usoni yule mwanamke. Mwaka 1989 ikafuata Nigahen. Sridevi akawa binti wa yule wa kwanza, na akaletwa mganga mwingine, mfuasi wa yule wa kwanza. Lakini tangu dakika ya mwanzo ukumbi mzima ulikuwa unajua kwamba binti wa nyoka ni nyoka. Kilichobaki ni kusubiri zumari. Haishangazi kwamba haikupata nusu ya mapokezi ya mtangulizi wake.

Hollywood nako, mwaka 1983, miaka 23 baada ya Psycho ya Alfred Hitchcock, watu walitoa Psycho II. Siri ya Norman Bates ilikuwa imejulikana dunia nzima. Waliofanya kazi ile hawakujaribu kuificha tena. Walimtoa Norman hospitalini, wakamrudisha nyumbani kwake, wakatufanya tumwonee huruma na kuogopa kwa niaba yake. Haiifikii ya kwanza, lakini inasimama kwa miguu yake.

Tukirudi nyumbani, jambo zito zaidi ni lile la Popobawa. Kwa mtu wa Dar es Salaam, filamu ya mwaka 2009 ilikuwa filamu. Kwa Mpemba ilikuwa sehemu ya pili, kwa maana ya kwanza aliiishi mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 1995 hofu ile ilianza Pemba, ikavuka hadi Unguja, kisha ikafika Bara. Watu waliacha vitanda vyao, wakalala nje kwa makundi kuzunguka moto, na huko Unguja mtu mmoja asiye na hatia, mgonjwa wa akili, aliuawa kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Mwaka 2007 uvumi ukarudi, safari hii Dar es Salaam. Msanii anayeligusa jina hilo hana haja ya kutengeneza mbawa wala meno. Hofu anaikuta imekaa ukumbini. Swali ni atafanya nayo nini, na kwa maoni yetu bado haijatengenezwa filamu inayothubutu kumwonyesha yule aliyeuawa na wale waliomuua, ambao huenda walirudi kulala bila kuota chochote.

Wahusika Serikalini nao wanayo sehemu yao. Kwa mujibu wa sheria, filamu hukaguliwa na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa. Bara kazi hiyo ni ya Bodi ya Filamu, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Zanzibar ni ya Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Ukaguzi huo hutazama zaidi kilichomo: uchi, damu, matusi. Hautazami vya kutosha kama kilichomo kimekamilika. Kanda na diski zimepungua sana, lakini shoka halikutupwa: tamthilia za televisheni na za simu hukata mlango ule ule, na mtazamaji huambiwa alipie tena.

Hapa Bagamoyo ipo TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na ng'ambo kidogo ya mji yapo magofu ya Kaole, yenye msikiti wa kale na makaburi ambayo watu bado huyazuru kwa nadhiri. Kundi la maigizo lililobeba jina hilo hilo, Kaole, ndilo lililowalea Kanumba na wenzake katika tamthilia za kila wiki, na wale walijua kumwacha mtazamaji na hamu bila kumwibia. Tungependa vijana wa chuo wafundishwe tofauti hiyo. Na tungependa Bodi na Baraza zikubaliane jambo moja dogo: filamu yoyote iliyogawanywa iletwe kwa ukaguzi sehemu zake zote kwa pamoja, na juu ya jalada au tangazo lake iandikwe waziwazi kwamba kisa hakiishii humo, ili mtu wa Kilindoni ajue anachokinunua kabla chombo hakijang'oa nanga.