Unaposema "ulezi tu", unamaanisha ulezi gani?

Vijana wengi siku hizi wanaingia kwenye ulezi kwa sababu unga wa lishe unauzika. Mtu akishakodi shamba anauliza bei ya gunia kwanza. Ukimuuliza mbegu, anakujibu: "Ulezi tu bwana shamba, ule mwekundu." Leo tuongelee hilo neno "tu", maana linaweza kukukosesha soko.

Ulezi ni zao la kwetu. Ulianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita kwenye nyanda za juu za huku Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Uganda, ndipo ukavuka bahari kwenda India. Kwa muda wote huo kila eneo lilichagua mbegu yake. Ndio maana kuna ulezi wa suke lililofunga kama ngumi na wa vidole vilivyotawanyika, kuna punje nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kuna inayokomaa miezi mitatu, na ya sehemu za baridi inayoenda mpaka mitano.

Tofauti haiishii kwenye rangi. Taasisi ya ICRISAT, yenye benki ya mbegu huko Patancheru, India, ilipima sampuli zaidi ya 600 za ulezi. Kalsiamu ilianzia miligramu 184 kwa gramu 100 za punje hadi 489. Protini asilimia 6 hadi 11. Madini ya chuma, kiwango cha juu kilikuwa mara tatu ya kile cha chini! Hata ule wa chini bado unaiacha mbali sana mahindi, ambayo hayafikishi miligramu 20 za kalsiamu. Lakini unaona mwenyewe: mifuko miwili ya unga, yote imeandikwa "ulezi", mmoja una kalsiamu zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Kwa hiyo usinakili namba za mtandaoni ukabandika kwenye mfuko wako. Peleka sampuli maabara, andika namba zako.

Na rangi je? Ulezi mwekundu una tanini nyingi kuliko mweupe, na tanini inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Kuna pia asidi ya fitiki inayoshikilia madini. Dawa yake bibi zetu wanaijua: loweka, otesha kimea, anika, ndipo usage. Unga wa kimea unatoa uji mwepesi ambao mtoto anakunywa na kushiba virutubisho, sio maji.

Sasa upande wa shamba. Adui mkubwa wa ulezi ni ugonjwa wa blasti. Unaanza na madoa kwenye jani yaliyochongoka ncha mbili kama jicho, halafu shingo ya suke inakuwa nyeusi na punje zinabaki mapepe. Mbegu hazivumilii sawasawa. Ukipanda aina moja eneo zima na ikawa dhaifu, imekwisha hiyo. India walilijua hili mapema. Mtaalamu wao Lakshmanaiah, kule Karnataka, alichanganya ulezi wa kwao na wa Afrika, zikazaliwa mbegu zinazoitwa Indaf, yaani India na Afrika, na mavuno yao yakapanda sana. Wao walitumia mbegu zetu. Sisi tunazitupa.

Sisemi ukatae mbegu bora. Zipo U15 inayowahi na P224, panda hizo sehemu kubwa ya shamba. Ila tenga hata robo eka kwa mbegu ya kienyeji iliyohimili kwenu, peke yake, usichanganye. Ukichanganya zitakomaa kwa kupishana, na mnunuzi akiona rangi mbili gunia moja anashusha bei.

Habari njema ni kwamba ulezi unajichavusha wenyewe kwa karibu asilimia 99, hivyo mbegu uliyochagua vizuri inabaki ileile msimu hadi msimu. Chagua masuke kabla ya kuvuna, katikati ya shamba, yasiyo na shingo nyeusi. Pura juu ya turubai, mchanga ndio unaokataza watu kununua ulezi wetu. Kausha, hifadhi pakavu, andika jina la mbegu, mahali ilipotoka na mwaka. Punje hizi ndogo wadudu hawazisumbui sana, zinakaa miaka.