Ufa wa Msingi: Usiufunike, Upime

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani, tarehe 5/12/2005 nchi ilitetemeka chini ya Ziwa Tanganyika kwa nguvu ya 6,8. Kule Kalemie, ambako wengi wenu mna ndugu, nyumba zilianguka. Nyingine zilibaki zimesimama, lakini kusimama si kupona.

Msingi ukiumia, ukuta husema. Ufa mwembamba kama unywele, ulio katika lipu tu, hautishi. Lakini ufa unaopanda kama ngazi kati ya matofali, wenye upana kupita milimita 5, ni alama mbaya. Vilevile mlango uliofunga vizuri jana na leo unakwama.

Wengi hukimbilia kuupaka simenti. Ni sawa na kufunga kidonda chenye usaha ndani! Afadhali kwanza upake plasta kidogo, ile ya kufungia mfupa uliovunjika, kukatiza ufa, na uandike tarehe. Ikipasuka baada ya majuma machache, nyumba ingali inashuka.

Basi, ondoa maji: mfereji wa mvua upite mbali na ukuta. Halafu fundi achimbe chini ya msingi kipande kwa kipande, kisichozidi mita 1, ajaze betoni, angoje ishike ndipo aanze kingine. Akifukua ukuta mzima mara moja, utamwangukia.

Ukuta ukiinama, msingoje fundi. Matetemeko madogo hufuata lile kubwa. Watoto walale kwingine usiku uleule.