Kadi maridadi ilivyonikosesha ndizi!

Aibu niliyoipata Nkwenda, wilayani Kyerwa, sitaisahau. Kadi ya harusi ya mshikaji wangu ilirembwa kwa herufi za kujikunja kama mizizi, tarehe 22 mimi nikasoma 29. Nikatoka Kayanga na suti yangu, zawadi mkononi. Kufika, bibi harusi anafua nguo! Wameshaoana wiki nzima, ndizi zililiwa zikaisha.

Kosa la nani? La herufi, bwana! Hebu tuzijue kidogo.

Zamani herufi ya kuchapia ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Mchina Bi Sheng alizitengeneza za udongo miaka ya 1040. Wakorea walichapa kitabu kwa herufi za metali mwaka 1377. Kule Mainz, Ujerumani, Johannes Gutenberg akamimina risasi iliyoyeyushwa kwenye kalibu, herufi moja moja, na kufikia 1455 Biblia yake ilikuwa tayari. Kazi ya moto hiyo, kama ya wahunzi wa Karagwe waliowafulia wafalme wa Bweranyange ng'ombe wadogo wa chuma.

Hata jina la Karagwe lilipita humo. Mwingereza John Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1863, jina hilo, ambalo yeye aliliandika "Karague", lilipangwa kwa herufi za risasi, zikiwa kinyumenyume kama kwenye kioo.

Maneno ya mafundi wale yamebaki hadi kwenye kompyuta za steshenari mtaani kwako. Fonti ni seti ya herufi za sura moja, na asili ya neno ni kuyeyusha kwa Kifaransa. Pointi ni kipimo cha kimo: pointi 72 ni inchi 1. Nafasi kati ya mistari Waingereza huiita kwa jina la risasi, maana vipande vyembamba vya risasi ndivyo vilivyoitenga mistari.

Basi kaka na dada mnaotengeneza kadi, herufi za mapozi wapeni maharusi kwenye majina yao tu. Tarehe, saa na ukumbi ziwe herufi zilizonyooka, pointi 12 hivi. Kabla ya kuchapa zote, mpe bibi asome moja. Akikwama, badilisha fonti.

Mimi? Mpaka leo mshikaji anaamini nilimdharau. Picha zote za harusi, simo!