Jeraha la Mbwa wa Ulinzi: Wakati wa Kumwita Daktari wa Mifugo

Mbwa anayelinda ghala au zizi la chama ni sehemu ya ulinzi wa mali ya wanachama. Hata hivyo, ni mara chache mtu hukabidhiwa jukumu la kumtazama mwili wake. Katika miji ya pwani, kama hapa Chumbageni, Tanga, wengi huepuka kumgusa mbwa kwa kuchelea najisi, na manyoya nayo huficha mengi. Hivyo jeraha hugunduliwa linapoanza kunuka.

Si kila jeraha linahitaji daktari. Mchubuko wa juu juu huoshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yaliyotiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita. Mbwa azuiwe kuulamba, nao utazamwe kila siku hadi ukauke.

Daktari wa mifugo aitwe bila kuchelewa yanapoonekana haya:

(a) Damu isiyokoma baada ya kubanwa kwa kitambaa safi kwa dakika 10.

(b) Jeraha lenye kina, au lililo karibu na jicho, kifuani, tumboni au kwenye kiungo. Jeraha la kushonwa hushonwa vyema zaidi katika saa za mwanzo.

(c) Usaha, harufu mbaya, uvimbe au mabuu. Katika joto la pwani nzi hutaga mayai kidondani, na mabuu hayakawii kuanguliwa.

(d) Mbwa kuacha kula, kuwa na homa au kunyong'onyea.

(e) Kidonda kisichoonyesha dalili ya kupona baada ya wiki moja, hasa kile cha shingoni kinachosuguliwa na mnyororo.

Jeraha la kuumwa na mbwa mwingine lina uzito wa pekee. Jino huacha tundu dogo juu, ilhali chini yake nyama imechanika na uchafu umeingia. Zaidi ya hayo, mate ya mbwa mgonjwa huambukiza kichaa cha mbwa, ugonjwa usio na tiba mara dalili zinapojitokeza, kwa mnyama na kwa mtu. Kwa hiyo mbwa aliyeumwa na mbwa asiyejulikana atengwe mahali salama, na ofisa mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo, hata kama mbwa huyo alikwisha chanjwa. Amhudumiaye avae glavu. Mlinzi aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asingoje dalili.

Mafuta ya taa, oili chafu, maji ya betri na dawa ya kuogeshea ng'ombe visipakwe kidondani: huunguza, na vingine ni sumu. Vidonge vya maumivu vya binadamu navyo vyaweza kumuua mbwa.

Inafaa kila katibu aandike katika daftari la chama tarehe ya chanjo ya mbwa, jina la mtu wa kumkagua kila wiki, na namba ya simu ya ofisa mifugo. Gharama ya matibabu nayo iingizwe katika makadirio ya mwaka, pamoja na mshahara wa mlinzi. Fedha zikianza kutafutwa baada ya kidonda kuoza, mbwa huwa amechelewa, na ghala limekosa mlinzi.