Maji Yatangulie, Barabara Ifuate

Mara nyingi watu wa mjini hulalamika waonapo barabara mpya ya lami ikichimbuliwa kabla haijamaliza hata mwaka mmoja, ili bomba lipitishwe chini yake. Lalamiko hilo ni la haki, kwa maana fedha zilizotumika ni za wananchi wenyewe. Lakini lalamiko peke yake halitengenezi mji. Yafaa kila mtu ajue jinsi kazi za namna hii zinavyopasa kupangwa, apate kuuliza swali lifaalo kwa wakati wake, yaani kabla lami haijamwagwa.

Mji wa Machakos ni mfano mzuri. Mji huu umekaa chini ya vilima vya Iveti na Kiima Kimwe, na mvua inyeshapo huko juu maji hushuka kwa kasi. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilinywewa na ardhi yenye majani na miti. Siku hizi pana mabati, saruji na lami, navyo havinywi maji. Na tufanye hesabu. Paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 10, likipata mvua ya milimita 30, hutoa lita 3,000 za maji, yaani mapipa 15 ya lita 200. Nyumba mia moja hutoa mapipa 1,500. Maji hayo yasipofanyiwa njia yatajifanyia yenyewe, na njia hiyo huwa ni barabara au nyumba ya mtu.

Somo la wakulima

Jambo hili si geni kwa Wakamba. Katika miaka ya 1930 mashamba ya Machakos yalikuwa yakichukuliwa na maji. Baadaye, hasa katika miaka ya 1950, wakulima walichimba matuta kwa njia iitwayo fanya juu: mtu huchimba mtaro kukata mteremko, na udongo huutupa upande wa juu. Kazi nyingi ilifanywa kwa mwethya, majirani wakisaidiana. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1994 ulionyesha kwamba watu wa wilaya hiyo walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua. Mkulima alijua kwamba ni lazima maji yaongozwe kwanza, ndipo mbegu ipandwe. Mjini nako hali ni hiyo hiyo.

Utaratibu wa kazi

Kwanza, ardhi hupimwa, ijulikane maji yatoka wapi na yaelekea wapi.

Pili, bomba la maji machafu hulazwa, kwa kuwa ndilo likaalo chini zaidi. Kwa kawaida maji hayo hayasukumwi na mashine, bali huteremka yenyewe. Bomba lenye upana wa sentimita 15 huhitaji kushuka mita 1 kwa kila mita 150 hivi. Likilazwa karibu na usawa, uchafu hutuama na bomba huziba. Kwa sababu hiyo fundi huanzia chini, penye mabwawa ya kusafishia maji, akapanda kuelekea majumbani. Mtaa ukiunganishwa kabla mwisho wa bomba haujawa tayari, uchafu utaishia mtoni. Chemba hujengwa kila bomba lipindapo, na bomba hujaribiwa kabla halijafukiwa. Kisha udongo hurudishwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hushindiliwa. Udongo ukirudishwa wote kwa mara moja, barabara itakayopita juu yake itabonyea.

Tatu, mabomba ya maji safi hulazwa juu zaidi, mbali na yale ya maji machafu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Kenya mwezi wa Oktoba 2022 ulifika kaunti nyingi, Machakos ikiwa mojawapo. Ugonjwa huo huenea pale uchafu wa choo unapoingia katika maji au chakula.

Nne, hujengwa mifereji ya mvua na kalvati. Mfereji wa mvua si njia ya choo, na bomba la choo si njia ya mvua. Maji ya paa yakielekezwa katika chemba, uchafu utafurika barabarani siku ya mvua kubwa.

Tano na mwisho ni barabara, yenye mgongo ulioinuka katikati ili maji yateremke pande zote mbili. Maji yakituama pembeni hulainisha udongo ulio chini ya lami, na malori humalizia uharibifu ulioanzishwa na maji.

Kazi ya msimamizi

Msimamizi mwema huchimba wakati wa kiangazi, kwa maana masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hujaza mahandaki maji. Handaki refu huegemezwa kwa mbao ili lisiwafukie wafanyakazi, na udongo uliochimbuliwa huwekwa mbali na ukingo. Malipo hufuata kazi iliyopimwa, na sehemu ya fedha huzuiliwa mpaka ionekane kwamba kazi imedumu.

Ugumu mkubwa ni kwamba wenye kazi ni wengi. Katiba ya mwaka 2010 iliipa serikali ya kaunti kazi ya maji ya mvua mijini, maji safi na usafi, pamoja na barabara za kaunti. Sheria ya mwaka 2007 ilianzisha mamlaka tatu: ya barabara kuu, ya barabara za mijini na ya barabara za mashambani. Kila ofisi ina fedha zake na majira yake. Wasipokutana juu ya ramani moja, mmoja atajenga na mwingine atachimbua.

Hasara yake si ya fedha tu. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliingia majumbani huko Athi River, katika kaunti hii hii, na watu wakalazimika kuhama. Mfereji hauwezi kuuzuia mto uliofurika, lakini mji usio na njia za maji huongeza taabu ya kila mvua.

Wajibu wa wenyeji

Usitupe taka katika mfereji, wala usijenge juu yake. Ukiona mtu anang'oa kifuniko cha chemba akakiuze kama chuma chakavu, toa habari, maana mtoto atatumbukia humo. Na mkutano wa kujadili mradi ukiitishwa, hudhuria, uulize maswali matatu: Je, mabomba yote yatatangulia lami? Maji ya mvua yataishia wapi? Na ni nani atakayezibua mifereji baada ya mkandarasi kuondoka?