Kabla Dodoma haijabadilika tena, mpe mtoto simu mtembee mjini

JUMAPILI saa kumi jioni, jua likianza kulegea, Nyerere Square katikati ya Jiji la Dodoma hupata wageni wa kila aina. Wapo waliotoka kanisani wakiwa bado na nguo nzuri, wapo wanafunzi wa vyuo, wapo baba na mama waliowashika watoto mikono. Karibu kila mmoja ana simu, na karibu kila simu imeelekezwa sehemu moja: kwenye uso wa mwenye simu.

Sanamu ya Mwalimu Nyerere inabaki nyuma, imekatwa nusu. Mtaa, maduka, miti na watu wanaopita havionekani kabisa. Familia inarudi nyumbani na picha 40 ambazo zingeweza kupigwa mahali popote.

Hilo si kosa, lakini kuna kitu kinapotea. Dodoma inabadilika haraka kuliko watoto wanavyokua, na familia nyingi hazina hata picha moja ya mtaa waliokuwa wakiishi miaka kumi iliyopita. Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa: mpe mtoto simu, mtembee naye mjini taratibu, yeye ndiye awe mpiga picha.

Mji uliopangwa kwa watu wa miguu

Miji mikuu mingi duniani ina barabara moja ya fahari ambayo kila mgeni lazima aitembee na kamera. Paris wana Champs-Élysées. Dar es Salaam wana Samora, kuanzia Mnara wa Saa na kupita Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927.

Dodoma haina barabara ya namna hiyo, na haikuwa bahati mbaya. TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, Mwalimu Nyerere hakutaka mji wa kujionyesha. Mpango wa mji uliokamilika mwaka 1976, uliochorwa na wataalamu kutoka Canada, uliwafikiria kwanza watu wa miguu, baiskeli na mabasi, na ukaacha kando barabara pana za gwaride. Ujenzi ulisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, hadi ilipovunjwa mwaka 2017.

Sehemu kubwa ya mpango huo ilichelewa, na nyingine haikujengwa. Hata hivyo, katikati ya mji bado panatembeleka. Kutoka eneo la stesheni ya zamani ya reli hadi Nyerere Square, kisha kuingia mitaa ya Uhindini na zile barabara zinazoitwa kwa namba, ya Sita, ya Saba na kuendelea, mtoto wa miaka saba anaweza kwenda bila kulia kwamba miguu inauma.

Anzieni kwenye reli

Stesheni ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu mji wenyewe ulikua kwa sababu ya reli. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Dodoma ikawa kituo, kikafuata soko, hoteli, maduka na nyumba za ibada.

Hapo mzazi ana hadithi ya kumsimulia mtoto. Kwanza jina: wazee wa Kigogo husimulia kuhusu tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye tope, watu wakasema “idodomya”, yaani imezama. Pili, safari: babu alikuja kwa treni ya usiku, mjukuu anaijua treni ya umeme iliyoanza kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ambayo huchukua chini ya saa nne.

Baada ya hapo ni mwendo wa pole. Mtoto asimame anapotaka. Mlango wa zamani wa mbao dukani, fundi cherehani barazani, mama anayepanga zabibu kwenye sinia, mti uliopinda kwa upepo: vyote hivyo ni picha.

Picha kumi tu

Mzazi aliyekua miaka ya themanini au tisini anakumbuka mkanda wa kamera. Ulikuwa na picha 36, na kila moja ilikuwa na gharama yake, hivyo mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Simu imeondoa gharama hiyo, imeondoa na kufikiri.

Rudisheni sheria hiyo. Mwambie mtoto ana picha kumi kwa matembezi yote. Akizimaliza, basi hadi wiki nyingine. Utashangaa jinsi anavyoanza kuangalia vitu kwa makini, kuzunguka upande wa pili, na kusubiri daladala ipite ndipo apige.

Mfundishe mambo machache tu. Asimame akiwa amelipa jua mgongo. Akitaka kitu kionekane kikubwa, asogee kwa miguu badala ya kuvuta kwa vidole, kwa sababu picha iliyovutwa hupoteza ubora. Afute kioo cha kamera kwa kitambaa laini kabla ya kuanza, maana vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi halimuonei mtu huruma.

Kisha mwache. Akipiga viatu vya watu badala ya sanamu, muulize kwa nini kabla ya kumkosoa. Mtoto yuko chini kuliko sisi, na anaona mji ambao mtu mzima ameshausahau.

Salamu kwanza, kamera baadaye

Somo kubwa la matembezi haya ni adabu. Mtu anayeuza karanga kando ya njia si pambo la mtaa. Ana jina, ana watoto, na ana haki ya kukataa kupigwa picha.

Mfundishe mtoto asalimie kwanza. “Shikamoo” kwa mkubwa inatosha, na akijua kusema “mbukwenyi” mbele ya mzee wa Kigogo, uso wa mzee utafunguka kabla kamera haijainuliwa. Kisha aombe: “Naomba nikupige picha, mzee?” Akikataliwa, ashukuru na kuendelea na safari. Akikubaliwa, amwonyeshe mwenyewe picha ilivyotoka.

Yapo pia maeneo ya kuacha. Dodoma ni makao makuu ya nchi, na kambi za jeshi, vituo vya polisi na baadhi ya majengo ya serikali si ya kupigwa picha ovyo. Hata stesheni, ni vyema kumuuliza mhusika kwanza. Mtoto akimwona mzazi akiomba ruhusa, atajua kwamba kuomba si unyonge.

Tahadhari nyingine ni kuhusu mtoto mwenyewe. Kabla ya kuweka picha yake mtandaoni, angalia kama inaonyesha sare yenye jina la shule, lango la nyumbani au namba ya gari. Tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini mlinzi wa kwanza wa mtoto ni mzazi wake.

Mahali palepale, kila mwaka

Malizieni matembezi kwa picha moja isiyohesabiwa katika zile kumi. Chagueni sehemu moja, iwe Nyerere Square au kona ya mtaa wenu. Mtoto asimame hapo, nyuma yake mtaa uonekane vizuri. Mwakani, mwezi uleule, arudi asimame palepale.

Sababu iko kwenye hesabu ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 410,956 katika Dodoma mjini. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta 765,179. Katikati ya miaka hiyo serikali ilitangaza kuhamia rasmi mwaka 2016, mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 26, 2018, na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba. Nyumba ya chini iliyokuwa na mwarobaini mbele yake leo inaweza kuwa ghorofa kabla mtoto hajamaliza darasa la saba.

Kwa familia zilizohamishwa kikazi kutoka Dar es Salaam, watoto wengi wanaitaja Dodoma kama mahali ambapo baba au mama alihamishiwa. Kwa familia za wenyeji, watoto wanasikia majina ya zamani ya mitaa bila kujua yalikuwa wapi. Wote wawili wanahitaji kusema: huu ni mji wangu, niliutembea.

Jambo la mwisho ni kuhifadhi. Simu huibwa, huanguka kwenye ndoo ya maji, hujaa na mtu akafuta picha kwa haraka. Kila mwaka peleka angalau picha moja studio isafishwe kwenye karatasi. Nyuma yake mtoto aandike kwa mkono wake tarehe, mahali, na majina ya waliokuwepo.

Kisha iwekeni kwenye albamu ileile yenye picha ya harusi na ile ya babu aliyevaa koti mbele ya pazia la studio. Akiulizwa siku moja Dodoma ilikuwaje, mtoto huyo hatahitaji kutafuta mtandaoni. Atafungua albamu.