Mapafu Yamepona, Mwenyewe Bado

Mwaka 2003, Daktari Margaret Herridge na wenzake wa Toronto, Kanada, walichapisha habari za wagonjwa 109 walionusurika baada ya mapafu yao kuvimba, kujaa maji na kushindwa kazi ghafla. Waliwafuatilia kwa mwaka mzima tangu watoke ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi. Mapafu yenyewe hayakuwa tatizo kubwa: kufikia mwezi wa sita mengi yalikuwa yakifanya kazi karibu kama zamani. Kilichochelewa kurudi ni mtu mzima mzima.

Miguu ndiyo iliyosema ukweli. Wagonjwa walitakiwa kutembea kwa dakika sita, na baada ya mwaka mgonjwa wa katikati ya orodha alifika mita 422, theluthi mbili tu ya umbali uliotazamiwa. Wala hawakuwa vikongwe. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 45. Walitoka ICU wakiwa wamepungua asilimia 18 ya uzito, na mwaka ulipotimia chini kidogo ya nusu yao ndio waliokuwa wamerudi kazini. Herridge aliwapima tena baada ya miaka mitano. Bado walikuwa nyuma.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili lilichelewa kuonekana, inafaa kukumbuka ICU ilivyozaliwa. Mwaka 1952 polio iliivamia Copenhagen, na wagonjwa waliopooza misuli ya kupumulia walikuwa wakifa zaidi ya wanane kwa kila kumi. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akapendekeza watobolewe koo na kupuliziwa hewa kwa mfuko wa mpira. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kuukamua mfuko huo kwa mikono, usiku na mchana, na vifo vikashuka sana. Kazi iliyoanza hivyo ilikuwa na swali moja: huyu ataishi au atakufa? Kwa miongo kadhaa, mgonjwa akishavuka mlango akiwa hai, hesabu ilifungwa.

Kumbe mengi huharibika palepale kitandani. Mwaka 2013 watafiti wa London waliopima misuli ya paja kwa picha za mawimbi ya sauti walikuta imesinyaa karibu asilimia 18 ndani ya siku kumi. Kulala bila kujigeuza ni sehemu tu ya sababu. Uvimbe unaosambaa mwilini huifanya misuli ivunjwe kwa kasi kuliko inavyojengwa, na kadiri viungo vingi vinavyoshindwa, ndivyo upotevu unavyozidi.

Habari ya ubongo ni nzito zaidi. Mwaka huohuo, kundi la Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Nashville, Marekani, lilitoa matokeo ya wagonjwa 821 waliolazwa ICU. Asilimia 74 waliwahi kuweweseka wakiwa hospitalini. Mwaka mmoja baadaye, kati ya waliopimwa tena, mmoja kwa kila watatu alikuwa na uwezo wa kufikiri unaolingana na wa aliyeumia kichwa kwa kiasi cha kati. Mmoja kati ya wanne, unaolingana na wa mgonjwa wa Alzheimer katika hatua za mwanzo. Vijana hawakusalimika. Na aliyeweweseka siku nyingi ndiye aliyeathirika zaidi.

Tena kuweweseka si lazima kupiga kelele. Wengi hunyamaza wakitazama dari, na muuguzi mwenye wagonjwa wengi huwaona kuwa watulivu. Ndani ya ukimya huo mtu anaweza kuamini ametekwa nyara, au kwamba wanaomhudumia wanataka kumuua. Kumbukumbu hizo za uongo humfuata hadi nyumbani, zikamtesa kwa jinamizi na hofu.

Hapa ndipo huruma ilipopotoka. Kumlaza mgonjwa usingizi mzito mfululizo kulionekana kumwonea imani, lakini utafiti wa Chicago wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa dawa zikisitishwa kila siku hadi mgonjwa aamke, siku za kukaa kwenye mashine ya kupumulia hupungua kutoka 7.3 hadi 4.9. Mwaka 2009, watafiti wa Chicago na Iowa walithubutu zaidi: mgonjwa mwenye mpira kooni akaanza mazoezi ya viungo mapema, akaketi, na aliyeweza akasimama. Asilimia 59 walitoka hospitalini wakijimudu. Wenzao wa huduma ya kawaida walikuwa asilimia 35. Si kila jaribio limefaulu. Shajara zinazoandikwa na wauguzi na ndugu kando ya kitanda, desturi iliyokomaa Skandinavia, ziliwapa wengi matumaini, lakini utafiti mkubwa wa Ufaransa wa mwaka 2019 haukuona zikipunguza kiwewe.

Kwa hiyo ndugu mwenye mgonjwa ICU ana kazi zaidi ya kusubiri nje. Muulize daktari kama leo mgonjwa ataamshwa na kama ameanza mazoezi. Mpelekee miwani yake na kifaa chake cha kusikia, mwambie ni siku gani na yuko wapi. Akisharudi nyumbani, miezi ikapita na bado anasahau dawa, anakosea chenji dukani au anaogopa kulala, usimwite mvivu. Mrudishe kliniki, na jambo la kwanza kumwambia daktari liwe hili: alilazwa ICU, na kwa siku ngapi.